Swali la Saba

Baba mkwe wake alikuwa mchonga mihuri, na mtaa mzima ulimwita Kinyume, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika herufi kinyume. Mtu akitaka muhuri wa duka au wa shule, alikwenda kwenye meza yake chini ya ngazi za jengo la ofisi, akamwandikia maneno kwenye karatasi. Mzee aliyageuza kichwani, bila kioo, akayachonga kwenye kipande cha mpira kwa nusu ya wembe. Wenzake walikwishanunua mashine. Yeye alisema mashine haina aibu, ukiipa kosa inachonga kosa. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua akiwa bado hajui kuhesabu, kwa hiyo miaka arobaini na moja ya kazi aliifanya kwa jicho moja, la kulia.

Hatua nne kutoka meza ile palikuwa na kibanda cha fotokopi, na mwenye kibanda alikuwa yeye, mke wa mwanawe. Alinakili vyeti, alichapa barua, na zaidi ya yote alijaza fomu. Walimjia wasiojua kusoma, na wanaojua ila karatasi za serikali zinawatia baridi. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, tiki, tiki, tiki, weka sahihi hapa, aje mwingine. Kinyume alimwita Waziri.

"Waziri, leo umemwoza nani?"

"Nimemwoza yule mama na mkopo, Baba."

"Lo! Ndoa hiyo haina talaka."

Wapita njia walidhani ni mtu na bintiye. Lakini utani wao ulikuwa na ukuta, na wote wawili walijua unapoanzia. Nguo za ndani za mzee alizifua mwanawe. Chumbani kwake mkwe hakuingia bila hodi tatu. Mzee akiamka kwenda msalani, na aliamka mara nyingi, mkwe wake alikaa kimya kama mtu aliyezikwa, mzee asijue kwamba kuna anayemsikia. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa kiboko. Ni haya tu, ile mtu anayonyonya pamoja na maziwa. Alimpenda mzee yule kuliko alivyompenda baba yake wa kumzaa, aliyekuwa mlevi na mkali, na kumstahi ndiyo ilikuwa njia yake ya kumwambia.

Mtoto wa jicho alipoanza kulifunika lile jicho la kulia, mzee alificha. Akachonga muhuri wa shule, herufi moja ikakosa mguu. Akasingizia mpira. Akachonga mwingine, ukarudishwa. Mkwe ndiye aliyesema basi, Baba, twende hospitali, watu wanapasuliwa asubuhi na jioni wanasoma gazeti. Alimsema wiki tatu mfululizo mpaka mzee akakubali, akisema kuwa anayebishana na waziri hulala polisi.

Walipomfungua jicho siku ya pili, mzee alikaa ametulia, mikono magotini. Akasema kwa adabu, "Daktari, nadhani hujamaliza kutoa bandeji."

Bandeji ilikuwa kwenye beseni.

Walimrudisha chumba cha upasuaji mara mbili. Baada ya hapo alibaki kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita mbele yake. Daktari alisema "matatizo yalijitokeza." Muuguzi mkuu alisema "matatizo yalijitokeza." Karatasi ya kuruhusiwa nayo ilisema hivyohivyo, na muhuri juu yake.

"Yalijitokeza kutoka wapi?" mzee aliuliza wakiwa ndani ya teksi. "Mtu akiharibu muhuri anasema wembe uliteleza. Mimi nataka waniambie tu nini kiliteleza."

Hilo ndilo lililompeleka mkwe wake kwa wakili.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua yasiyokwisha, kiatu kimoja amekivua chini ya meza, karanga zimemwagwa juu ya gazeti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akapiga chafya, akasema:

"Dada, nikwambie ukweli kabla hujanizoea. Jicho kuharibika si kesi. Yupo anayepasuliwa vizuri, daktari hakukosea hata chembe, na jicho likaenda. Hapo sheria inakupa pole. Kesi ipo pale mtu alipotakiwa kufanya jambo, hakulifanya, na jicho likaharibika kwa sababu hiyo. Vyote vitatu. Kimoja kikikosekana, una huzuni, huna kesi."

"Na kama vipo?"

"Vikiwapo, njia si moja. Mnaweza kuilalamikia hospitali kwa maandishi, ijieleze. Mnaweza kwenda kwenye baraza linalowasimamia madaktari. Lile linaonya, linasimamisha mtu kazi, ila mzee halimpi kitu. Na mnaweza kudai fidia, na si lazima mahakamani, mara nyingi tunakaa nao mezani tunamalizana. Tutahitaji daktari mwingine wa macho aseme kama kazi ilifanywa inavyotakiwa. Tena msikae mkilia mwaka mzima, maana muda wa kudai una mwisho. Lakini kwanza faili. Nakala ya faili ni haki ya mgonjwa. Aandike barua aiombe."

"Barua nitaandika mimi."

"Ndiyo, mumeo kaniambia kwenye simu kwamba wewe unaweza kumwandikia barua hata marehemu akajibu."

Masjala ya hospitali walimzungusha. Mara faili liko kwa daktari, mara mwenye ufunguo ana msiba. Safari ya tatu alikwenda na rimu yake ya karatasi kwapani, akamwambia karani kuwa kama tatizo ni karatasi, hizi hapa, na kama tatizo ni mashine, ninayo. Akapewa. Kurasa thelathini na nane alizinakili kibandani kwake bila kusoma hata mstari, kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya kazi ile: karatasi ya mtu hupita mkononi, haipiti machoni. Hatua nne kutoka hapo Kinyume alikuwa ameketi kwenye meza yake isiyo na kazi. Bado alikwenda kila siku. Alipapasa vipande vya mpira, akavipanga, akavipangua.

Wakili alisoma faili kwa kidole. Akafika mahali, kidole kikasimama.

"Mzee anatumia dawa ya tezi dume?"

Mkwe aliinamisha uso kama aliyetukanwa. "Sijui. Ninajuaje mimi?"

"Basi muulize anayejua."

Alitoka kwenye korido, akampigia mumewe, dereva wa lori la saruji. Kwanza mumewe akasema hayo ni mambo ya wanaume. Alipobanwa akasema ndiyo, mwaka wa pili sasa, yeye ndiye humnunulia vidonge, humpa mkononi. Kwani kuna nini?

Kulikuwa na hili. Wakili alimweleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Dawa ile hulegeza njia ya mkojo, na hulegeza pia ile duara ya rangi inayozunguka mboni ya jicho. Daktari akijua mapema hujiandaa, ana vifaa vyake na ana namna yake. Asipojua, ile duara inatepeta mbele ya kisu kama kitambaa kilicholowa. Ndivyo ilivyokuwa. Daktari mwenyewe alikuwa ameandika kwa mkono wake: *mgonjwa hakusema kuwa anatumia dawa hiyo, angalia fomu.*

"Na fomu ndiyo hii," wakili akasema, akamgeuzia. "Maswali tisa. La saba linauliza hilohilo, limejibiwa Hapana. Nani alijaza?"

Alizijua tiki zile kabla hajazisoma. Zilikuwa na mkia mrefu unaopanda, kama mjusi anayekimbilia dari. Maelfu ya fomu mjini mle zilikuwa na mijusi ile.

Akaikumbuka asubuhi yenyewe. Benchi la wodi, wagonjwa wanane wamevaa kofia za plastiki, Kinyume wa tatu. Muuguzi kijana alikuwa amekwisha kumtia matone, jicho limepanuka, haoni cha karibu. Ndipo akaja na fomu, mbio mbio. "Ah, si wewe dada wa fotokopi? Nijazie basi, tuko wawili tu wodi nzima." Akampa kalamu, akakimbia. Naye alijisikia fahari, hilo alilikumbuka vizuri sana. Akasoma kwa sauti. Baba, una kisukari? Hapana. Presha?

"Presha ninayo nikikuona na kalamu."

Benchi zima likacheka. Likafuata la tatu, la nne, la tano, la sita. La saba lilikuwa linauliza kama mgonjwa anatumia dawa ya tezi dume au ya shida ya mkojo. Utamwulizaje baba wa mume wako habari hiyo, mbele ya benchi la watu, na nyote mlikuwa mnacheka sasa hivi? Angeweza kumwita muuguzi. Angeweza kuacha wazi. Lakini mkono wake haukuzoea kuacha kisanduku kitupu. Ulitia tiki kwenye Hapana, akaruka, akasoma la nane, kama ana meno ya bandia.

"Meno ni yangu, ila siku hizi hayanitii."

Jambo lenyewe lilichukua muda wa kupepesa jicho.

"Dada," wakili alisema. "Nani alijaza?"

"Muuguzi."

"Bila kumwuliza mzee?"

"Bila kumwuliza."

Wakili alivaa kiatu chake. "Basi kesi tunayo," akasema.

Alirudi nyumbani akijiambia kuwa hospitali ni jumba kubwa, na muuguzi ni tofali moja tu ndani yake. Tofali halishtakiwi. Kinyume alipouliza, alimweleza habari ya dawa bila kuitaja dawa, akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mzee alimwelewa. Akasema, "Kumbe ni kidonge. Na hakuniuliza, yule binti." Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akaambiwa kilikuwa juu ya meza.

Barua ya madai ikaenda. Majibu yalikuja baada ya mwezi na kitu: hospitali inakana uzembe, muuguzi amesimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea, na pande zote zinaitwa kwenye kikao cha usuluhishi.

Siku nne kabla ya kikao, mtu alisimama kwenye dirisha la kibanda akasukuma bahasha. "Nakala tatu tatu, dada." Vilikuwa vyeti vya uuguzi. Mkwe akainua uso.

Bila sare muuguzi alionekana mdogo zaidi, kama msichana wa shule. Mashine ilianza kuguruma, ikimulika, ikimulika.

"Naona ile fomu yako umenibandikia mimi," muuguzi akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Mimi natafuta kazi. Wanataka nakala zilizothibitishwa."

"Sauti hiyo naijua," Kinyume akasema kutoka mezani kwake, akigeuza shingo. "Ndiye aliyenitia matone. Ana mkono mwororo huyo. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mzee. Pole sana."

"Na wewe pole. Nasikia wamekuweka nje." Akaweka chini kipande cha mpira. "Lakini mwanangu, mbona hukuniuliza tu? Ningekujibu. Ungenivuta pembeni ukaniuliza, ningekujibu."

Muuguzi alimtazama mwenye kibanda. Mwenye kibanda aliitazama mashine. Nakala ya mwisho ilitoka, ya moto, ikakaa juu ya wenzake.

"Tutaonana kwenye kikao, mzee," muuguzi alisema. Akalipa, akasubiri chenji yake yote, akaenda.

Siku nne ni nyingi kwa mtu anayebeba kitu kama hicho. Alijaza fomu za watu vibaya. Alimwandikia mwanamume mmoja kuwa ni mjane. Kinyume alimwuliza kama serikali imeanguka, maana waziri haongei, naye akacheka kicheko ambacho hata yeye hakukitambua.

Kikao kilifanyika chumba cha mikutano cha hospitali, asubuhi. Meza ndefu, chupa za maji, kiyoyozi kinachodondosha matone kwenye ndoo. Upande mmoja wakili wa hospitali, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza watoto, daktari aliyepasua, na muuguzi mwishoni kabisa, amekaa nusu kiti. Upande wa pili wakili na mafua yake, Kinyume katika koti lake la harusi za watu, mwanawe, na mkwe.

Wakili wa hospitali alifungua mdomo kusema karibuni. Mkwe akasimama.

"Fomu nilijaza mimi."

Wakili wake alimshika kiwiko. Mkwe akakichomoa.

"Huyu dada alinipa kalamu akaondoka. Nilimsomea Baba maswali. La saba sikumsomea. Lilikuwa linauliza..." Kisha akayasema maneno yale, tezi dume, dawa ya mkojo, kwa ukamilifu, mbele ya baba mkwe wake, mbele ya wanaume wasiomhusu. "Niliona haya kumwuliza. Nikatia Hapana. Nikamsingizia huyu dada. Hakufanya hivyo. Ni mimi."

Kiyoyozi kilidondosha tone. Mumewe alifunika uso kwa kofia. Muuguzi alianza kulia kimyakimya, bila kujifuta. Kinyume hakutikisika, ila mikono yake ilishuka kutoka mezani ikaenda magotini.

"Kwa hiyo," alisema yule wakili mwembamba, kwa upole uleule, "tukiyaweka kwa lugha nyepesi, aliyempofusha mzee amekaa upande ule wa meza."

"Ngoja hapohapo!" Wakili wa familia aliruka kama si yeye mwenye mafua. "Ngoja. Nani aliyetakiwa kumwuliza mgonjwa? Mkwe wake? Hospitali inamtia mzee matone haoni, ndipo inaleta fomu. Inampa ndugu kalamu, tena mke wa mwanawe, amwulize habari za mkojo hadharani. Hakuna aliyemvuta faraghani, hakuna aliyeipitia fomu kabla ya kisu. Huyu binti ameniharibia barua yangu, nitamsema baadaye. Lakini kesi hajaiharibu. Ameijenga." Akamgeukia Kinyume, akashusha sauti. "Mzee wangu, nakuuliza jambo moja tu, lijibu kwa ukweli. Muuguzi angekutoa pembeni, wewe na yeye, akakuuliza kama unatumia dawa hiyo, ungemwambia?"

Hata yule wakili mwembamba aliacha kuandika. Lilikuwa swali la kushinda nalo. Neno moja, ndiyo, na hospitali ingekuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kinyume aligeuza uso taratibu, si kwa wakili. Aliugeuza upande ambako mkwe wake alikuwa bado amesimama, akitweta.

"Nisingemwambia," alisema.

"Mzee, fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Mimi ni mtu wa kuficha. Hata macho yalipoanza kufa nilificha, mwanangu huyu ni shahidi. Angeniuliza yeye, angeniuliza muuguzi, angeniuliza malaika, ningesema hapana. Kwa hiyo tiki ile ni yangu. Msimtafute mtu." Akavuta pumzi. "Mimi nilitaka tu kuambiwa kilichoteleza. Daktari yupo?"

"Nipo, mzee."

"Niambie."

Daktari alimweleza, na alimweleza kama mtu, bila yale matatizo yaliyojitokeza. Alisema ilivyotepeta, alivyohangaika, kipande cha ule mtoto wa jicho kilivyozama nyuma ndani ya jicho, alivyorudi kukitafuta. Alisema, "Ningeweza kukuuliza mwenyewe mlangoni. Sikukuuliza. Niliangalia karatasi." Wakili wa hospitali alikohoa. Kinyume alitikisa kichwa mara nyingi.

"Ahsante. Hata mimi wembe umewahi kuniponyoka."

Kwenye ngazi wakili alivua kiatu, akakivaa tena. Malalamiko kwa baraza angeyapeleka, alisema, maana matone kabla ya fomu ni kosa, na kumwachia ndugu kalamu ni kosa, na kesho yatampata mwingine. Muuguzi angerudishwa kazini, hilo wamemwahidi. Lakini fidia, hapana. "Nilikwambia vitatu. Cha tatu, kwamba jicho liliharibika kwa sababu hiyo, kimeanguka, tena kakiangusha mwenyewe."

"Akibadilisha maneno?" mkwe akauliza.

"Akija akaniambia alisema uongo, nitampokea. Ila atahitaji kusema kwa nini alisema uongo, na wale nao watamwuliza. Mlete kabla muda haujakwisha. Na wewe..." Alimtazama mkwe, akaghairi alilotaka kusema. "Nenda kapumzike, dada."

Nyumbani, mumewe alikaa kizingitini akivua buti. Hakuwa amemsemesha tangu asubuhi. Alipomsemesha, hakupandisha sauti.

"Baba si mtu wa kuficha dawa. Unajua alivyozipata mara ya kwanza? Duka la dawa, foleni hadi nje. Akamwambia muuzaji kwa sauti, nipe ya tezi, mkojo unanitesa. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Anamwambia kila mtu. Kinyozi anajua. Mlinzi wa jengo anajua." Aliweka buti chini, moja kando ya lingine. "Anayemwonea haya ni wewe tu."

Mkwe alikwenda chumbani kwa mzee. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani mpaka kitandani. Akapiga hodi mara tatu.

"Ingia, mwanangu."

Si Waziri. Alilisikia.

Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini. Mkwe alipiga magoti sakafuni, hakujua kwa nini, labda kwa kuwa viti vilikuwa mbali.

"Baba, twende kesho kwa wakili. Sema kweli. Ungemwambia yule dada. Ulimwambia mwenyewe pale kibandani, nilisikia."

"Pale nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania."

"Mtu hujijua mwenyewe utani wake."

"Baba, ni jicho lako. Ni kazi yako yote. Watalipa, na ni haki walipe. Unataka niishi vipi?"

Mkono wa Kinyume ulipapasa blanketi, ukapata uzi uliochomoza, ukaanza kuuviringisha.

"Nikisema ndiyo," alisema, "kila nikikaa kula, chakula unaniwekea wewe. Kila nikivuka barabara, unanishika wewe. Utanishika na lile neno. Watalipa, eeh, watalipa. Halafu wataandika kwenye karatasi yao kwamba mzee angepona kama mke wa mwanawe angefungua mdomo. Itakuwa na muhuri. Mimi ninajua muhuri ni nini, mwanangu. Ukishagonga, umegonga."

"Lakini ndiyo kweli."

"Sasa si kweli tena. Nimekwisha kusema."

Mkwe alianza kulia, na alilia vibaya, mdomo wazi kama mtoto, kamasi na machozi pamoja, uso umekunjamana wote. Mzee alimsikia. Akanyoosha mkono kumtafuta, akapapasa hewa upande usio sahihi, mbali kidogo na kichwa chake.

Hakuusogelea ule mkono. Alimtazama mzee usoni, namna ambayo hakuwahi kumtazama miaka yote ile, kwa heshima. Ndipo akajikuta anashukuru kwamba mzee hawezi kumwona. Shukrani ile ilipita moyoni mwake haraka, hata kabla hajaizuia, na alijua, akiwa bado amepiga magoti, kwamba kati ya yote aliyomfanyia mzee huyu, hilo ndilo asingeweza kuja kumwambia.

"Uko wapi?" Kinyume aliuliza, mkono bado hewani.

"Nipo hapa, Baba."

"Mbona sikupati?"